Barua ya wazi kwa askari vijana wa Nairobi: bunduki haijifyatui

Wanangu,

Salamu zenu huko zamuni, mlio Kasarani, mlio Kamukunji, na nyinyi mnaolinda milango ya benki huku kidevu kimepumzishwa juu ya mdomo wa bunduki ya G3. Hao wa mwisho waondoe kidevu kwanza, ndipo waendelee kusoma.

Kuna sentensi imeuchosha mji huu: "Silaha ilijifyatua kwa bahati mbaya afisa alipokuwa akiisafisha." Husomwa redioni asubuhi, huandikwa kwenye O.B., kitabu cha matukio cha kituo, kwa mwandiko mzuri, na anayeuliza huonekana mchokozi. Basi tuulize. Bunduki inayosafishwa imefunguliwa. AK imevuliwa kifuniko cha juu, springi imetoka, bolti, chuma kinachosukuma risasi mahali pake na kuipiga, iko mezani juu ya gazeti. G3 imechomolewa pini za kitako, na bolti iko nje. Bunduki isiyo na bolti haipigi hata ukiisomea dua. Aliyefyatua alikuwa hajaanza kusafisha, au alikuwa akiichezea.

Na Ceska, bastola ya CZ 75, je? Unatoa magazini, kisanduku cha risasi, unahakikisha chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa, ni tupu, unarudisha slaidi, chuma cha juu kinachoteleza, kidogo mpaka alama mbili za nyuma zilingane, ya slaidi na ya fremu, kisha unasukuma kizuizi cha slaidi kitokee upande wa kushoto. Hakuna hatua inayogusa triga. Bastola ya Glock ndiyo hudai triga ivutwe kabla ya slaidi kutoka, kwa hiyo mwenye Glock aikague chemba mara mbili. Mwenye Ceska hana cha kusingizia.

Kosa lenyewe huzaliwa mapema, mkirudisha silaha ghalani mwisho wa zamu, macho mazito, kila mtu anawahi matatu. Hapo mnageuza hatua mbili. Magazini hutoka kwanza, kukoki, yaani kuvuta bolti nyuma na kuiachia, hufuata. Ukikoki magazini ikiwa bado ndani, risasi ya chembani inaruka nje, inagonga sakafu, unaisikia, moyo unatulia. Kumbe bolti ikirudi mbele imeshasukuma nyingine mahali pale pale. Ndipo unachomoa magazini kwa kujiamini, unavuta triga "kuhakikisha", na mwenzako aliye upande wa pili wa kaunta anaanguka. Msitegemee kwamba bila magazini silaha hailii. G3, AK na CZ 75 zote hulia, maana risasi moja iliyo chembani haihitaji magazini.

Fanyeni hivi, polepole. Elekeza mdomo kwenye pipa la mchanga; mchanga uwe mkavu, usiwe na kokoto wala vipande vya saruji, maana risasi hurudi. Kidole kiwe nje ya triga. Toa magazini, itie mfukoni. Koki mara tatu, si mara moja, kwa sababu ndoano ya kuvutia ganda ikichakaa huteleza na kuiacha risasi ndani. Usikinge kiganja juu ya tundu la maganda ili uidake risasi ikitoka. Ikigongwa vibaya italipukia mkononi. Iache ianguke, utaiokota. Sasa angalia chemba kwa macho, na usiku ingiza ncha ya kidole kidogo. Kwenye G3 mkono wa kukokia hunasa kwenye pengo lake juu, bolti ikabaki nyuma, huna haraka. AK haina pa kunasia, kwa hiyo ishikilie. Kisha hesabu. Ukiondoka na 30, urudi na 30. Zikiwa 29, hiyo moja itafutwe kabla mtu yeyote hajagusa triga.

AK ina ujanja wake mwingine. Wenzo wa sefti, kizuizi cha usalama, ukiwa juu, haikokiki. Maana yake ni kwamba wakati wa kuitoa risasi lazima sefti iwe imeshushwa, na kinga pekee iliyobaki ni pale mdomo ulipoelekea. Halafu mbofyo wa kwanza kwenda chini ni mfululizo, wa pili ndio moja moja. Askari aliyeshtuka akaushusha nusu atamwaga risasi tano huku akidhani anapiga moja.

Mengine mnayajua, nayataja tu. Kila silaha ina risasi mpaka uione chemba. Mdomo usimwelekee usiyekusudia kumpiga, hata ndani ya matatu. Kidole hulala juu ya fremu. Ujue kilichoko nyuma ya shabaha: ukuta wa mabati wa Mukuru hauzuii risasi ya G3.

Usimtie mtu pingu kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika bastola. Mkono mmoja ukikaza, wa pili hukaza nao bila kukuomba ruhusa. Ukiteleza au ukishtuka, hali ni hiyo hiyo. Irudishe kwenye ala kwanza. Na CZ 75 isiyo na kitufe cha kulaza nyundo, msiilaze kwa kidole gumba risasi ikiwa chembani. Jasho kidogo tu, gumba linateleza.

Kuhusu kupiga hewani: risasi hurudi chini. Mtoto wa miaka 13 alipigwa akiwa kwenye roshani ya nyumbani kwao Kiamaiko, Machi 2020. Wa miaka 12 alipigwa nyumbani kwao Ndumberi, Kiambu, Julai 7, 2025. Wote wawili waliitwa waathiriwa wa risasi iliyopotea.

Wakubwa nao wasijifiche nyuma yenu. Kumpa kijana bunduki kila siku na uwanja wa shabaha kwa kubahatisha ni kumfundisha mazoea, na mazoea yana taabu. Familia mbili za askari zinaishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, kisha mnashangaa bastola ikilala chini ya godoro karibu na mtoto. Kisanduku cha chuma chenye kufuli ni bei ya magurudumu mawili ya Land Cruiser, tena mtapata na chenji.

Silaha ikifyatuka, Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linataka kila matumizi ya silaha yaripotiwe kwa mkubwa mara moja, hata kama hakuna aliyeumia. Pakiwa na kifo au jeraha baya, mkubwa huyo aarifu IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. Kwanza mtibuni aliyepigwa. Kisha kwenye O.B. msiandike "ilijifyatua". Andikeni nani aliishika, mdomo ulielekea wapi, kidole kilikuwa wapi, magazini ilikuwa ndani au nje, chemba ilikaguliwa na nani. Mstari wa mwisho useme ganda liliokotwa hatua ngapi kutoka kwenye pipa la mchanga.