Sitaliondoa Shauri Mahakamani Mpaka Nauli Yetu Irudi Yote

Kampala, 8 Julai 2025

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Ndege,
Kupitia kwa Meneja wa Tawi la Kampala.

Mheshimiwa,

YAH: DAI LANGU LA SHILINGI 4,800,000 KWA SAFARI MLIYOIFUTA, NA JIBU LA SIMU MLIYONIPIGIA TAREHE 4 JULAI

Ijumaa iliyopita jioni, nikiwa nafunga duka, alinipigia mtu aliyesema anatoka idara yenu ya wateja. Alisema kampuni iko tayari kunilipa shilingi 2,000,000 taslimu na vocha ya safari ya shilingi 1,540,000, itakayokufa baada ya miezi sita, ili mradi nisaini karatasi ya kuliondoa shauri langu kabla ya tarehe 17 mwezi huu. Nilimwomba aniandikie hayo. Akasema mambo kama haya huzungumzwa tu. Basi mimi naandika, na naandika kwa Kiswahili kwa kuwa tangazo lililonifanya nikate tiketi kwenu lilikuwa la Kiswahili, na maneno yake yalikuwa matamu.

Jibu langu ni hapana. Naomba usome sababu zake mwenyewe, maana naamini barua zangu tatu za mwanzo hazikufika mezani kwako.

Mwezi Januari nilikata tiketi tatu za kwenda na kurudi, Entebbe hadi Mombasa: yangu, ya mama yangu mwenye miaka 71, na ya binti yangu. Kila moja ilikuwa shilingi 1,180,000. Nililipa kwa simu saa nne asubuhi, na kabla sijaiweka simu mezani risiti ilikuwa imeingia. Shilingi 3,540,000 zilitoka kwangu zikafika kwenu kwa muda wa kufumba na kufumbua. Siku ile nilifurahi nikasema hii ndiyo kampuni.

Tulikuwa tunakwenda arusini. Bi arusi ni mtoto wa marehemu dada yangu, na aliyemlea tangu ana miaka minne ni mama. Nikaha ilipangwa Ijumaa tarehe 14 Februari, baada ya sala ya Ijumaa, Mji wa Kale. Watu walitaka kuwahi kuozesha kabla ya Ramadhani kuingia, kwa hiyo hapakuwa na kusogeza siku. Safari yenu ilikuwa Alhamisi tarehe 13, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri.

Tulitoka nyumbani saa saba na nusu usiku. Nilikodi gari, tukapita barabara ya kulipia, tukatoa shilingi 5,000 za tozo. Kwenye geti la uwanja wa Entebbe abiria hushuka garini kukaguliwa, na mama akashuka na magoti yake yale, amejifunga kanga aliyoiweka miaka miwili kwa ajili ya siku hiyo, mkononi ameshika mfuko wa kahawa ya Bugisu ya kuwapelekea wakwe. Hakukubali kumpa mtu mfuko ule. Tulipofika kaunta hapakuwa na foleni. Alikuwepo binti mmoja, peke yake, na taa ya kaunta ya pili imezimwa.

Akatuambia safari imefutwa, na kwamba tulitumiwa ujumbe. Nikaitoa simu kwenye mkoba. Kweli ulikuwepo: umeingia saa nane na dakika kumi usiku, tukiwa njiani tayari. Sababu iliyoandikwa ni "sababu za uendeshaji". Mpaka leo hakuna aliyenieleza maneno hayo maana yake ni nini. Hakukuwa na mvua usiku ule, na ndege za wengine tulizisikia zikiruka.

Simlaumu yule binti. Alikuwa na haya, hakutuangalia usoni. Niliuliza ndege nyingine ni lini, akasema Jumapili. Niliuliza kama mnaweza kutuhamishia kampuni nyingine, akasema hana ruhusa. Mwisho akachana kipande cha karatasi ya mashine, akakigeuza nyuma, akaniandikia kwa kalamu namba ya simu ya kudai nauli. Nilianza kuipiga namba ile saa tatu asubuhi. Iliita mpaka ikakata, mara kumi na moja siku hiyo. Kipande hicho ninacho, nimekibandika kwenye karatasi nyeupe, na kimo kati ya vielelezo vyangu mahakamani.

Tukarudi Kampala, shilingi 120,000 za gari zikiwa zimekwenda bure, tukapanda basi la saa saba mchana kupitia Busia. Mama alikaa kwenye kiti usiku kucha, miguu ikavimba hadi viatu vikagoma kuingia; alishuka Nairobi alfajiri na kandambili za binti yangu. Tukaunganisha basi la Mombasa. Tulifika saa kumi jioni. Nikaha ilikwisha fungwa, sahani za biriani zinaoshwa uani. Mtoto alimkumbatia bibi yake akalia, na bibi akalia, na mimi nikaenda nje.

Hilo silidai. Hakuna hakimu anayeweza kunirudishia, na sikuliweka kwenye fomu. Nimelieleza ili ujue kwamba aliyenipigia simu aliponiambia "mama, hii ni nauli tu", alikuwa hajui anazungumza na nani.

Sasa sikiliza la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza. Tarehe 18 Februari tulikwenda uwanja wa Mombasa kupanda ndege yenu ya kurudi, tiketi mkononi, zimelipwa. Tukaambiwa nafasi zetu zimefutwa kwa sababu hatukusafiri ile safari ya kwenda, na mfumo unatuhesabu kama abiria ambao hawakutokea. Hatukutokea wapi? Sisi ndio tuliokuwa Entebbe saa nane na nusu usiku na mama mzee, na ndege ndiyo haikutokea. Meneja wa zamu alikubali kwa mdomo kwamba ni kosa la mfumo, lakini alisema yeye hawezi kuufungua. Ndege ile iliruka na viti vitupu, binti yangu aliviona kupitia kioo watu walipokuwa wanapanda. Tukarudi kwa basi, siku mbili nyingine.

Mabasi yalitugharimu shilingi 570,000 kwenda na 570,000 kurudi. Ukijumlisha na nauli yenu na lile gari la Entebbe unapata 4,800,000. Risiti zote nimeziambatisha kwa mara ya nne.

Tarehe 20 Februari niliandika kudai. Nikajibiwa kuwa fedha zitarudi ndani ya siku 21 za kazi. Siku 21 zikapita. Nikaja ofisini kwenu Kampala, nikaambiwa faili liko makao makuu. Nikaja tena, faili limerudi Kampala lakini aliyelishika yuko likizo. Mara ya tatu nikaambiwa nijaze fomu upya kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa toleo la zamani. Mara ya nne mlinzi alinitambua, akanipisha bila kuuliza. Kila nikija nafunga duka, na duka lenyewe ndilo linalolipa ada ya shule.

Mimi nauza vitenge. Mteja akifungua doti nyumbani akakuta imetoboka, anairudisha, nami nafungua droo nampa pesa yake hapohapo. Simpi karatasi ya kununua kwangu baada ya miezi sita. Nikifanya hivyo mara mbili tu, mtaa mzima utajua na sitauza tena. Wahenga walisema dawa ya deni kulipa, na mimi sijawahi kusikia kwamba dawa yake ni vocha.

Ndiyo maana nilikwenda mahakamani. Mwenzangu wa duka la jirani alidai pesa zake za mzigo kwa njia ya madai madogo, akalipwa, na ndiye aliyenionyesha njia. Kanuni zake ni za mwaka 2011, na zinahusu madai yasiyozidi shilingi milioni 10, kwa hiyo dai langu halifiki hata nusu. Unaanza kwa kumpa mdaiwa ilani ya siku 14. Yenu niliileta kwa mkono wangu tarehe 2 Juni, karani wenu akapiga muhuri wa kupokea. Siku 14 zikaisha kimya. Tarehe 23 Juni nikafungua shauri, na nimepangiwa kusikilizwa Alhamisi tarehe 17 Julai.

Bwana aliyenipigia aliniuliza wakili wangu ni nani. Nilipomwambia sina, akacheka kidogo, akasema wakili wenu "atanichosha". Mheshimiwa, mwambieni asome. Katika utaratibu huu mawakili hawasimami kuwatetea watu. Mimi nitasimama mwenyewe na kipande changu cha karatasi, nanyi mtamleta mfanyakazi wenu anayelijua jambo hili aeleze. Ningependa sana awe ni yule anayejua "sababu za uendeshaji" ni nini.

Aliniambia pia kuwa masharti ya tiketi yanaruhusu kampuni kulipa kwa vocha. Nimeyasoma masharti yenu yote, kwa miwani, kwa herufi zile ndogo. Yanazungumzia abiria anayeahirisha safari yeye mwenyewe. Mimi sikuahirisha. Na hata Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 ya hapa Uganda inasema anayevunja mkataba humlipa mwenzake hasara iliyotokana na kuuvunja. Mabasi yale ni hasara hiyo. Nisingepanda basi siku mbili kama ndege mliyoniuzia ingekuja, na nisingepanda tena kurudi kama msingefuta tiketi halali.

Kuhusu vocha yenyewe, nilimuuliza yule bwana kama mama anaweza kuitumia. Akasema hapana, inatoka kwa jina la aliyelipa tu na haihamishwi. Kwa hiyo mtu aliyeumia miguu hana lake humo. Na mama ameshasema hapandi ndege yenu tena, hata akitumiwa tiketi ya bure. Siwezi kupokea nusu ya haki yake kwa karatasi asiyoitaka.

Sikatai kumaliza jambo hili nje ya mahakama. Nakata vitambaa siku nzima, sina raha ya kushinda kwenye benchi nikisubiri kuitwa. Mkitaka tumalize, njia iko wazi: shilingi 4,800,000 zote ziingie kwenye namba ileile ya simu niliyolipia tiketi, kabla ya saa kumi jioni, Jumatano tarehe 16 Julai. Zikiingia, asubuhi yake nitakwenda mahakamani kueleza kuwa nimelipwa, na ninyi mtapata nakala. Zisipoingia, tutaonana hapo tarehe 17.

Naomba pia mrekebishe mfumo wenu, ili msafiri mliyemfutia safari ya kwenda asipoteze na ya kurudi. Hili halina bei kwenye fomu yangu, na sitalipwa senti kwa kuliomba. Pale Mombasa nyuma yetu alikuwepo kijana mwingine, fundi wa umeme anayefanya kazi Jinja, aliyefutiwa tiketi kwa sababu hiyohiyo. Alikuwa hana hata nauli ya basi. Tulimchangia.

Tafadhali msinipigie tena simu jioni. Niandikieni, kwa anwani iliyo kwenye fomu ya dai.

Wako,

Mdai, kwa niaba yangu, mama yangu na binti yangu.

Viambatisho: tiketi tatu, risiti ya malipo, nakala ya ujumbe wa tarehe 13 Februari, risiti za mabasi na gari la kukodi, ilani ya tarehe 2 Juni yenye muhuri wenu.

Nakala: Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, Entebbe.