Asante sana, fundi wa Mwanga

Namshukuru hadharani fundi redio mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma. Kompyuta ya zamani ya marehemu baba, Amiga 500, toleo la 1987, niliiwekea chipu mpya ya saa, lakini saa ikagoma kutembea. Fundi hakuilaumu chipu. Alimulika bodi kwa tochi ya simu, akaona kutu ya kijani: betri ya zamani ilivuja ikala njia ya shaba. Akasugua kwa mswaki na siki, akasafisha kwa spiriti, akaunga waya mwembamba. Kristali, kijiwe kinachoipa saa mapigo yake, nayo ilikuwa imekufa. Akachomoa nyingine kwenye saa mbovu ya ukutani, maana zote mbili hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Saa ikatembea! Akapokea hela ya risasi ya kulehemu tu. Wenye vifaa vya zamani, mpelekeeni kabla hamjatupa.