Barua kutoka Dublin: ile hadithi ya tiketi mbili

Dublin, Jumapili usiku

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, baridi tu ndiyo haijanizoea. Habari zako huwa nazipata kwa Mama kila Ijumaa, lakini najua wewe simu huihesabu kuwa mazungumzo, ndiyo maana leo nimeshika kalamu. Barua hii anakuja nayo mwenzetu wa Pongwe anayerudi mwezi huu. Akifika Tanga atakupigia, umfuate stendi.

Uliniuliza kama nimeshaiona nyumba ya George Bernard Shaw, yule mwandishi wako wa tamthilia. Nimeiona, tena naipita karibu kila asubuhi nikitoka zamu. Lakini kabla sijafika huko kuna jambo sina budi kukuambia, na nalisema kwa adabu zote za mtoto kwa mzazi wake: ile hadithi ya tiketi mbili si ya kweli.

Unaijua ninayoisema. Kidato cha pili ulikuwa ukiiweka akiba kwa siku ya mvua. Mvua ikishapiga bati mpaka darasa halisikii kitu, unaweka chaki chini, unasogea katikati ya madawati, unasubiri ipungue kidogo, halafu unaanza: Shaw alimpelekea Churchill, yule waziri mkuu wa Uingereza, tiketi mbili za usiku wa kwanza wa tamthilia yake mpya, na kikaratasi, "Njoo na rafiki, kama unaye." Churchill naye akajibu, "Usiku wa kwanza sitaweza. Nitakuja wa pili, kama utakuwepo." Tulikuwa tunacheka kabla hujafika mwisho, maana tulishaisikia mara nne.

Hapa kazini kuna bibi mmoja ninayemhudumia, mwalimu mstaafu kama wewe. Usiku mmoja usingizi ulimkataa, nikamsimulia. Alicheka sana, kisha akanishika mkono akasema, "Mwanangu, hiyo hata mimi niliwasimulia wanafunzi wangu miaka thelathini. Waliikana wote wawili." Nikaenda kutafuta, nikakuta ni kweli: Shaw aliikana, na Churchill aliikana, wote wakiwa hai. Basi Baba, usihuzunike. Umeisimulia vizuri kuliko wangeisema wenyewe. Na ya kweli ya mzee Shaw yapo mengi, nimekukusanyia.

Nyumba yenyewe iko Synge Street, namba 33. Ni ndogo kuliko ulivyotuchorea ubaoni. Imebanwa katika safu ya nyumba zinazofanana kama maharage, ngazi chache, mlango, basi. Iliwahi kuwa makumbusho lakini nilipofika mimi ilikuwa imeshafungwa, kwa hiyo ninachokiona ni kibao tu ukutani: "Bernard Shaw, mwandishi wa tamthilia nyingi, alizaliwa katika nyumba hii, 26 Julai 1856." Mara ya kwanza niliona ni ubahili. Mtu kapata Nobel, kaandika tamthilia zaidi ya hamsini, wanamwambia "nyingi"? Kumbe aliyehangaikia kibao hicho alikuwa mzoa taka wa jiji hili, aliyekuwa na maneno marefu ya kumsifu. Shaw, mzee wa miaka tisini na ushei wakati huo, akayakataa, akaandika haya mwenyewe. Mzoa taka huyo uendelee kumkumbuka, maana mzoa taka mwingine anakuja mbele.

Utoto wake haukuwa wa raha. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka aliyehubiri kuacha pombe huku anakunywa kwa siri. Shaw anasimulia kwamba akiwa mdogo alimnong'oneza mama yake, "Mama, nadhani Baba amelewa." Mama akamjibu, "Lini uliwahi kumwona hajalewa?" Mtoto akakua hanywi pombe. Shule aliichukia, akaiacha, akaingizwa ofisi ya mawakala wa mashamba akiwa na miaka kumi na mitano, akawa mtunza fedha mzuri tu, na hilo nalo likamwogopesha. Mama yake alikuwa ameshahamia London kwa sababu ya muziki. Mwaka 1876 kijana naye akafunga mzigo akamfuata.

Hapa ndipo nilipocheka peke yangu ndani ya basi, Baba. Sisi tukija huku, mwezi haujaisha tunaulizwa habari ya kutuma. Shaw alikwenda ughaibuni kula kwa mama. Aliandika riwaya tano, kila mchapishaji akazirudisha, na kwa hesabu yake mwenyewe miaka tisa ya kwanza kalamu ilimwingizia pauni 6. Mama alikuwa anafundisha kuimba, yeye yuko maktaba ya British Museum anasoma. Wala hakuona haya. Aliandika baadaye kwamba hakujitupa yeye katika mapambano ya maisha, alimtupa mama yake. Jaribu kumwambia Mama maneno hayo uone sufuria itakavyopita juu ya kichwa chako.

Na jingine, hili Mama asilisikie kabisa: Ireland hakurudi tena mpaka 1905. Miaka 29. Mimi huu ni wa sita na tayari naulizwa kama nimesahau njia ya Muheza.

Tamthilia ya kwanza ilipanda jukwaani 1892, yeye ana miaka 36. Zote siwezi kukueleza, na nyingine, niseme ukweli, wanaongea mno. Dibaji zake ni ndefu kuliko kilio cha tanga. Nataka nikae kwenye moja, Pygmalion, na sababu nakupa.

Mwaka jana, kazini kwangu kwa zamani, nilipokea simu ya ndugu wa mgonjwa. Nikamweleza hali ya mzee wake: kala nini, kalala saa ngapi, dawa kameza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Naomba nizungumze na mtu anayejua Kiingereza." Baba, Kiingereza changu ni chako. Umenipigisha sarufi kwa fimbo ya mpera. Nikampa simu mwenzangu wa hapa hapa, akarudia maneno yale yale niliyoyasema, na yule mtu akashukuru sana. Usiku huo ndipo nilipokisoma kitabu hiki mpaka kukakucha.

Habari yake unaijua: Eliza, msichana muuza maua pale Covent Garden, London, na Profesa Higgins, bingwa wa matamshi, anayejigamba kwamba kwa miezi michache ataweza kumpitisha mbele za watu kama mke wa mtawala. Shaw aliandika kwenye dibaji kwamba Mwingereza hawezi kufungua mdomo bila kumfanya Mwingereza mwingine amchukie au amdharau. Mtu wa kusema hivyo ni yeye, maana aliishi kwao zaidi ya miaka sabini na lafudhi ya Dublin haikumtoka.

Patamu pako kwenye kikao cha chai. Eliza kavaa, katulia, anatamka kila herufi kama anachambua mchele, ila anachokisema ni habari ya shangazi yake, ambaye Eliza anahisi aliuawa na watu aliokuwa akiishi nao kwa tamaa ya kofia. Wageni wanadhani ndiyo mtindo mpya wa mjini. Anaaga, kijana mmoja anamuuliza kama atakatisha bustani kwa miguu. Anamjibu kwa ile lafudhi safi: "Nitembee? Thubutu! Napanda teksi." Ila si "thubutu" haswa. Ni neno moja lililokuwa la kijiweni, halikuwahi kutamkwa sebuleni kwa watu, na usiku ule wa Aprili 1914 ukumbi wa London ulicheka zaidi ya dakika nzima, waigizaji wamesimama tu wanasubiri. Nimetafuta neno la Kiswahili la kukaa pale. Liwe si tusi la kumlaza mtu rumande, lakini liwe la kumfanya Mama ajifunike mdomo kwa kanga. Sijalipata. Ukilipata wewe niandikie.

Sasa mzoa taka wetu. Baba yake Eliza anaitwa Doolittle, kazi yake kuzoa taka, na anafika kwa Higgins eti kudai bintiye. Kumbe anataka pauni tano. Wanamwona hana haya, wanamuuliza kama hana maadili, anajibu kwamba hayamudu bei, na hata wao wangekuwa maskini kama yeye wasingeyamudu. Anajieleza: yeye ni katika maskini wasiostahili. Maskini anayestahili anasaidiwa na kila mtu, wakati asiyestahili anakula vilevile, na kunywa anakunywa zaidi. Higgins anafurahi mpaka anataka kumpa kumi. Doolittle anakataa! Kumi, anasema, ni fedha nyingi, humfanya mtu aanze kuwa na busara, na hapo ndiyo kwaheri raha. Tano anaweza kuzitumbua Jumamosi na mkewe, Jumatatu akarudi kazini hana hata senti, roho kwatu. Nimewajua watu wa hivyo pale Ngamiani, na wewe umewajua, ila hakuna aliyewapa jukwaa wajitetee vizuri namna ile.

Na Eliza mwishoni anasema jambo ambalo ningependa yule mtu wa simu alisikie: kwamba tofauti ya bibi wa heshima na muuza maua si mwenendo wake, ni jinsi anavyotendewa.

Siku za mapumziko huenda National Gallery, jumba la picha la hapa Dublin. Kuingia ni bure, na kuna joto. Shaw alikuwa akizurura humo utotoni, akasema ndiko alikopata sehemu kubwa ya elimu ya kweli, basi kwenye wosia akaiachia theluthi ya mapato ya kazi zake. Alipofariki nadhani hakuna aliyeona ni fedha nyingi. Mwaka 1956 Pygmalion ikageuzwa tamthilia ya nyimbo, ile My Fair Lady, dunia nzima ikaimba, na fedha zikamiminika kwa miaka na miaka. Kwa hiyo zipo picha ukutani mle zilizonunuliwa na msichana muuza maua. Sanamu ya shaba ya Shaw nayo ipo, naisalimia.

Fedha hazikumtia kiwewe. Alipopewa Nobel ya 1925 aliipokea heshima, fedha akazikataa, akisema ni boya analotupiwa mwogeleaji ambaye ameshafika pwani salama. Nyama hakula. Aliwahi kuandika kwamba kwenye maziko yake hatafuatwa na magari bali na makundi ya ng'ombe, kondoo, nguruwe na kuku, pamoja na samaki hai katika chombo chao cha maji, wote wamevaa vitambaa vyeupe kwa heshima ya mtu aliyeona afadhali afe kuliko kula viumbe wenzake. Hii msomee Mama, atacheka, halafu atauliza sasa alikuwa anakula nini.

Lakini si kila alilosema ni la kuchekea, na hapa tutabishana. Wewe ulimpenda kwa sababu ya Wafabian, wale wajamaa wenzake wa Uingereza, ukatuambia mawazo yao ndiyo Mwalimu Nyerere aliyakuta alipokwenda kusoma Edinburgh. Sawa. Na kile chuo cha LSE cha London, alichosoma Kenyatta, Shaw ni mmoja wa waliokianzisha mwaka 1895. Lakini 1931 alikwenda Moscow, akamwona Stalin, akarudi anamsifu. Mwaka 1933, watu wanakufa kwa njaa Ukraine, akatia saini barua gazetini kukanusha. Mtu aliyemwona Doolittle mpaka ndani ya mfuko wa shati hakuwaona wale. Nadhani alizoea mno kuwa yeye ndiye mwerevu chumbani. Ukiwa na jibu, najua utakuwa nalo, liandike.

Alifariki tarehe 2 Novemba 1950, ana miaka 94. Alianguka bustanini akipogoa mti. Basi nawe ule mwembe mwachie kijana wa jirani, tafadhali.

Kwenye kifurushi kuna miwani yako, kanga mbili za Mama anazosema hazipatikani tena huko (nimezikuta huku, usiniulize vipi), na Pygmalion yenyewe, nimeinunua kwa muuza vitabu vya mtumba. Pale pa Doolittle nimepakunja.

Kuhusu bati: uliniandikia laki tano, zile za upande wa jikoni. Nimetuma laki saba. Najua utamwambia Mama zimezidi, zirudishwe. Doolittle alikuwa na sababu yake, wewe huna, mvua za masika ziko mlangoni.

Wasalimie wote. Shikamoo tena.

Mwanao, kifungua mimba