Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi: Kituo cha Gongo la Mboto kianze kuchorwa mlangoni kwa abiria

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KITUO CHA TRENI YA MJINI GONGO LA MBOTO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa ukanda huu wa reli, kati ya Ukonga na Pugu. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la watu wengi, na wengi wao hawana muda wala mtu wa kuwafikishia neno ofisini kwako.

Habari ya treni ya mjini ya umeme kwa Dar es Salaam imezungumzwa kwa miaka sasa, na naamini siku moja itajengwa. Iwe ni reli nyepesi mpya kabisa, yaani ya treni ndogo za umeme za mjini, iwe ni treni ya sasa ya Pugu iliyoboreshwa, lazima itapita huku, na lazima kitakuwapo kituo Gongo la Mboto. Ombi langu ni moja. Wataalamu wako watakapokaa kukichora kituo hicho, waanze na njia anayopita abiria kutoka mlangoni kwake hadi kwenye behewa. Paa, vioo na ukumbi vije baadaye.

Nianze na hesabu ambayo Serikali yenyewe imeifanya. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ilala peke yake ilitoka watu 1,220,611 ikafika 1,649,912. Maana yake ni kwamba katika kila watu kumi walioongezeka mkoani kwa miaka hiyo kumi, wanne waliongezeka Ilala. Nao hawakwenda Upanga wala Kariakoo, ambako kiwanja hakishikiki. Walikuja huku nje: Majohe, Chanika, Msongola, Kivule, Kitunda, Pugu. Mtu ananunua kipande cha shamba, anafyatua tofali, anahamia nyumba ikiwa bado haina dari, na kesho yake alfajiri yuko barabarani akitafuta gari la kumpeleka mjini. Wengi wa watu hao njia yao ni Gongo la Mboto. Hapa ndipo wanaposhuka kwenye daladala moja na kugombea nyingine.

Reli ilikuwapo kabla yao wote. Wajerumani walianza kuitandika kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na kwa zaidi ya karne nzima ilipita huku kama mgeni, ikibeba watu na mizigo ya Morogoro, Tabora na Kigoma. Treni ya kubeba watu wa mjini tuliipata juzi tu: mwaka 2012 ilianza ile ambayo kila mtu aliiita treni ya Mwakyembe, ikienda Ubungo Maziwa kwa upande mmoja na Mwakanga kwa reli ya TAZARA, na mwaka 2016 ikaongezwa ya Stesheni hadi Pugu. Tangu 2024 tunaiona SGR, reli mpya ya kisasa, ikipita kwenda Morogoro na Dodoma, na treni yake ya umeme iitwayo Mchongoko inapokata mbele yetu watoto wanaipungia mkono. Najivunia reli hiyo kwa dhati. Ila anayekwenda Dodoma husafiri mara chache kwa mwaka, na anayekwenda Buguruni kuuza mboga husafiri kila siku inayopambazuka.

Naomba nimwelezee huyo wa Buguruni, maana ndiye ningependa mchoraji amtazame. Ni mama, kiroba cha mchicha na matembele kiko kichwani, bado kinachuruzika maji. Anashuka kwenye bodaboda mbali kidogo kwa sababu pikipiki haifiki relini. Anapita uchochoro wa kati ya nyumba mbili, mguu mmoja huku na mmoja kule, katikati kuna maji machafu ya watu. Anapanda tuta la reli kwa kukanyaga kokoto zinazoporomoka. Treni ikisimama, ngazi ya behewa iko juu ya goti lake. Anakipandisha kiroba kwanza, anampa mtu asiyemjua aliye juu amshikie, ndipo anashika chuma kwa mikono miwili na kujivuta. Nyuma yake kuna watu wengi wanaosukuma, na treni haisubiri. Sasa mweke hapo mjamzito, au mzee wa magongo, au kijana wa kiti cha magurudumu ambaye Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 imempa haki ya kufika popote anapofika mwenzake.

Tatizo lile la ngazi wahandisi wanalimaliza kwa urahisi: jukwaa lilingane na sakafu ya behewa, basi. Treni nyingi za reli nyepesi duniani zina sakafu ya chini kwa kusudi hilohilo. Uchochoro ndio mgumu, kwa sababu hauko ndani ya mkataba. Mkandarasi anajenga hadi ukuta wa kituo, anakabidhi, anaondoka. Nje ya ukuta ni kazi ya halmashauri, barabara ya mtaa ni ya TARURA, kuu ni ya TANROADS, mtaro hujui ni wa nani, na kila mmoja ana bajeti yake na mwaka wake. Mwananchi anapita katikati ya ofisi zote hizo akiwa na kiroba chake kichwani. Kwa hiyo naomba mkataba wa kituo cha Gongo la Mboto uandikwe tangu mwanzo kwamba unajumuisha njia za miguu, taa, mitaro na vivuko kwa walau nusu kilomita kila upande wa jukwaa, na kwamba kituo hakifunguliwi mpaka hivyo navyo viwe vimekamilika. Nusu kilomita ni mwendo wa dakika sita au saba. Hapo ndipo mtu anapoamua kama atapanda treni au atapanda bodaboda hadi mjini.

Kuhusu vivuko nitasema zaidi, kwa sababu hapo kuna roho za watu. Reli ya haraka huhitaji uzio, na uzio huugawa mtaa. Shule inabaki upande mmoja, zahanati upande wa pili, na mtoto wa darasa la pili anatafuta tundu. Addis Ababa walifungua reli yao nyepesi mwaka 2015, kilomita 34 hivi na vituo 39, ya kwanza ya aina yake kusini mwa Sahara. Ilikuwa kazi kubwa na ya fahari. Lakini sehemu kubwa ya njia ilipita katikati ya barabara ikiwa imezungushiwa kizuizi, na watu waliokuwa wakivuka kwa hatua chache wakajikuta wanatembea mbali kutafuta pa kuvukia, au wanaruka. Baadaye likaja jambo la pili: katika treni 41 walizonunua, nyingi zilisimama ndani ya miaka kumi kwa kukosa vipuri. Nalitaja kwa sababu fedha inayookolewa kwa kutojenga kioo kirefu na ukumbi wa marumaru inaweza kuwekwa kwenye stoo ya vipuri. Abiria wa Gongo la Mboto hatalalamika kwamba kituo hakina marumaru. Atalalamika treni isipokuja.

Na tafadhali, tusiige kila kilichofanywa na jirani. Syokimau, nje ya Nairobi, kituo cha treni ya mjini kilifunguliwa Novemba 2012 kikiwa na uwanja mkubwa wa kuegesha magari, mtu aache gari lake pale apande treni. Kule kuna mantiki, wakazi wengi wana magari. Kwetu watu wanakuja kwa miguu, kwa daladala, kwa bajaji na kwa bodaboda. Kila mita ya mraba inayopewa gari binafsi lililolala kutwa nzima inanyang'anywa daladala ya Majohe inayoleta watu na kugeuza mara nyingi kwa siku. Bodaboda nao wapewe sehemu yao iliyosakafiwa, yenye kivuli na mstari unaoeleweka, karibu na mlango. Mkiwaweka mbali watarudi mlangoni wenyewe, kisha mgambo waanze kuwafukuza, na tutakuwa tumeanzisha vita isiyokwisha. Hivyo hivyo kwa mama lishe na wauza maji, vocha na mihogo. Abiria anawahitaji. Wachorewe meza zao kwenye ramani, zenye bomba la maji na pa kumwaga taka, njia ya watu ibaki wazi.

Tuna somo letu wenyewe pia. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, safari iliyokuwa inakula nusu ya asubuhi ikawa fupi, na hilo halipingiki. Lakini Kimara ilielemewa. Watu wa Mbezi, Kibamba na Kiluvya wote walimiminwa kwenye mlango mmoja, na jioni ukifika pale unaona foleni ya binadamu. Gongo la Mboto inaelekea hukohuko, kwa sababu awamu ya tatu ya mwendokasi kwa Barabara ya Nyerere imefanywa iishie hapahapa. Basi na treni vikija kukutana vizuri, kila kimoja kitampunguzia mwenzake mzigo. Vikikaa mbalimbali, kila kimoja kitakuwa na msongamano wake. Njia kati ya kituo cha mwendokasi na jukwaa la treni iezekwe, iwe tambarare, mtu asivuke barabara kuu hata mara moja. Na tiketi iwe moja. N-Card, kadi ya malipo ya kielektroniki, tayari inatumika kwenye kivuko cha Kigamboni na Uwanja wa Benjamin Mkapa. Sioni kwa nini ishindwe kumvusha mtu kutoka basi kwenda treni bila kumtoza mara mbili nauli ya kuanzia.

Sasa ardhi, Mheshimiwa. Hili ndilo linalonifanya niandike leo badala ya kusubiri mradi utangazwe. Kila mwezi unaopita, viwanja karibu na reli vinajengwa. Vyumba vya kupangisha vinaota, gereji, baa, kanisa. Siku mkija na rangi nyekundu kupiga X ukutani, gharama itakuwa imepanda na machozi yatakuwa mengi zaidi. Eneo la kuzunguka kituo litangazwe mapema kuwa eneo la upangaji chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, mipaka yake ijulikane, bango liwekwe, ili anayenunua anunue akijua.

Lakini kutangaza mipaka kisha kunyamaza ni kumfunga mtu mikono. Nyumba ikishawekewa alama, mwenye nyumba haikarabati, mpangaji anahama, benki haimkopeshi, na miaka inapita. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 ikaweka muda: miezi sita, ikizidi hapo ilipwe na riba. Naomba tathmini isifanywe mpaka fedha iwepo. Mkifanya tathmini leo, mlipe leo. Na mpangaji naye akumbukwe, maana huku nyumba moja ina familia tano au sita, na fidia inapolipwa ni jina moja tu linaloitwa.

Wapo watakaosema huku hakujapangwa, hivyo kituo kikubwa hakiwezekani. Sikubaliani nao. Mitaa yetu mingi imepitia urasimishaji, yaani kupangwa na kupimwa viwanja vilivyokwisha kujengwa. Watu walikaa na majirani zao, kila mmoja akasogeza uzio wake ndani kidogo ili njia ipatikane, bila kulipwa hata senti. Nimewaona wazee wakikata minazi yao wenyewe kupisha barabara ya mtaa. Watu hawa wakishirikishwa mapema na kwa ukweli watatoa zaidi ya kile ambacho sheria inaweza kuwanyang'anya.

Vyoo vijengwe na viwe na maji. Akina mama wanaelewa kwa nini naliweka hili peke yake.

Nashukuru kwamba Wizara yako imeonyesha reli kubwa inawezekana nchini. Kwa kituo hiki naomba mchoro wa kwanza, hata kama ni wa penseli, uletwe kwetu kabla mshauri mwelekezi hajalipwa malipo yake ya mwisho. Uletwe kwenye mikutano ya hadhara ya mitaa ya Gongo la Mboto, Ulongoni, Majohe na Pugu, ukiwa umechapwa kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye ofisi za serikali za mitaa wiki mbili kabla. Mikutano iitishwe Jumapili alasiri. Ikiitishwa Jumanne saa nne asubuhi, watakaokuja ni sisi tuliostaafu, na wale watakaokitumia kituo hicho kila siku watakuwa tayari wako mjini kazini.

Wako mtiifu,

Mkazi wa Gongo la Mboto, Ilala