Barua kwa Athumani kuhusu filta za mraba

Kibokoni, Mombasa

Ndugu yangu Athumani,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Ama baada ya salamu, barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu swali uliloniuliza, la filta gani za mraba zinazofaa lenzi pana, limenigharimu fedha nyingi katika kazi hii ya picha, na sipendi likugharimu nawe.

Unataka kujua ununue filta za upana wa milimita 100 au za 150. Itazame kwanza lenzi yenyewe kwa mbele. Kioo kikiwa kimevimba na kutokeza nje kama kifuu, mfano wa ile Nikon ya milimita 14-24 iliyotoka mwaka 2007, hapana mahali pa kufungia pete ya kubebea filta, na mwenye lenzi hiyo hulazimika kutafuta kishikizo, yaani fremu ya kushikia filta mbele ya lenzi, kilichoundwa kwa ajili yake pamoja na filta za 150, ambazo ni nzito na ni ghali. Lakini yako ni ya milimita 16-35, yenye uzi wa kufungia pete wa milimita 77. Basi chukua za 100, wala usinunue kubwa kwa kuitazamia lenzi ambayo bado hujaipata.

Kishikizo ndicho cha kukiangalia zaidi. Changu cha kwanza kilikuwa kinene, chenye mifereji mitatu ya kuingizia filta, na kila nilipopanua lenzi hadi milimita 16 pembe za picha ziliingia giza. Tafuta kilicho chembamba, chenye mfereji mmoja au miwili, kisha kijaribu kabla ya kulipa: piga ukuta mweupe kwa upana wa mwisho, kishikizo kikiwa kimenyooka, halafu kizungushe kidogo upige tena, maana kinapolala upande ndipo pembe zinapofichuka.

Filta utakayoitumia sana ni ile yenye giza nusu ya juu, ya milimita 100 kwa 150. Urefu huo ndio faida yake juu ya filta ya duara, kwa kuwa unaishusha na kuipandisha mpaka mstari wa giza ukae pale bahari inapokutana na mbingu. Pale ufukweni Mama Ngina, jua linapochomoza na upeo umenyooka bila kizuizi, natumia yenye mstari mkali, ya stopu tatu, kila stopu ikipunguza mwanga kwa nusu. Nikirudi Mji wa Kale, ambako mapaa na minara inapanda hadi mbinguni, mstari huo huzikata nyumba vichwa, kwa hiyo natia yenye mstari laini, ambao giza lake hufifia polepole. Ukinunua moja tu, nunua laini, kwani lenzi pana iliyobanwa tundu lake la mwanga hadi f/16 huuonyesha mstari kuliko lenzi ya mbali.

Ile filta nyeusi kote, ya stopu kumi, huurefusha muda wa kupiga picha kutoka sekunde 1/30 hadi nusu dakika na kidogo, na mawimbi yanayovunjika chini ya ukuta wa Fort Jesus yakawa kama moshi. Hakikisha ina sponji nyuma ya kuziba mwanga, la sivyo mwanga utapenya kati ya filta na kishikizo na kuacha weupe katikati ya picha. Polaraiza, ile filta ya kupunguza mng'ao, iache mfukoni unapopiga anga kwa upana mkubwa, kwa sababu upande mmoja wa mbingu utakuwa buluu nzito na mwingine mweupe.

Ama kuhusu plastiki au kioo, nakusihi ununue kioo, japo kikianguka kinavunjika. Asubuhi moja ya kusi filta yangu ya plastiki ilirushiwa maji ya bahari, nami kwa haraka nikaifuta kwa ncha ya kikoi. Chembe za chumvi zilichora mistari myembamba kama nywele, na tangu siku hiyo kila nilipolielekea jua mistari hiyo iliwaka yote pamoja. Iliniuma sana. Siku hizi nabeba chupa ya maji baridi yasiyo na chumvi, naimwagia filta kwanza, ndipo nafuta.

Pete ya 77 ninayo ya ziada, na jirani yangu anakuja Tanga mwisho wa mwezi. Niandikie kwanza umechagua kishikizo kipi, kwani pete ya mtengenezaji mmoja mara nyingi haikai kwenye kishikizo cha mwingine. Ikiafikiana, nitampa akuletee.

Ni mimi nduguyo,
Abdalla