Haizimi, lakini si nzima

Ngamiani, Barabara ya 14,
Tanga.
9 Februari

Sahibu yangu,

Asalaam aleikum. Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila kaskazi imetukaba. Hata usiku feni inapuliza moto. Ujumbe wako wa sauti wa juzi nimeusikiliza mara mbili. Uliposema kompyuta yako, ile tuliyoilazimisha kwenda kasi kuliko ya kiwandani, imefika gigahezi 4.6 na haijazima hata siku moja, nilifurahi nawe. Kisha ukasema matokeo ya wanafunzi wako wote umeyaweka humo, na nakala nyingine huna. Hapo moyo ulinidunda, nikaona sauti ya simu haitatosha, bora nikae nikuandikie.

Kuna jambo sijakusimulia kwa sababu liliniuma. Mwezi wa kumi na mbili nilipiga video ya harusi moja ya Chumbageni. Bibi mzaa mama wa bi harusi alishikwa na wajukuu wawili, mmoja kila mkono, akasimama akamwombea mjukuu wake dua ya dakika kumi na moja. Nyumba nzima ilikuwa inalia. Nilirudi usiku, nikahamishia kila kitu kwenye diski, nikaifuta kadi maana kesho yake nilikuwa na kazi Pangani. Nilipokaa kuhariri, lile faili la dua lilikwenda mpaka dakika ya tatu, picha ikakatika vipande vya kijani, sauti ikakwama. Sehemu iliyobaki haikufunguka tena. Mama wa bi harusi hakunigombeza. Alinyamaza tu, akaniambia basi, Mungu ndiye mpaji. Yule bibi hatasimama tena vile.

Na wiki zote hizo, sahibu, kompyuta yangu ilikuwa haijazima hata mara moja.

Unakumbuka tulivyozinunua Kariakoo siku moja, zote mbili zina Core i5-2500K, prosesa ya 2011, kasi yake ya kiwandani gigahezi 3.3. Ukanipa namba zako: kizidishi 45, besi kloki (saa ya msingi ya mazabodi) megahezi 103, ambavyo ukivizidisha ndiyo 4.6 ile, volti 1.30, memori 1866. Nikazinakili zote kwenye bayosi, ile mipangilio ya ndani ya kompyuta, kama mtu anayenakili ubaoni. Kwako zikakubali. Kwangu Prime95, programu ya kuipima prosesa kwa hesabu nzito, haikumaliza dakika nne, kompyuta ikaanguka: skrini ya bluu, namba ya kosa 0x124. Nikajaribu tena, ikaja 0x101. Kwa prosesa za kizazi kile, namba hizo mbili mara nyingi zinasema kitu kimoja: prosesa inakosa volti za kutosha kwa kasi uliyoipa.

Mimi kwanza niliulaumu umeme. Saa moja jioni, mtaa mzima ukiwasha taa na pasi, mita yangu ilikuwa inasoma volti 190 badala ya 230. Nikafunga stabilaiza. Nikapima waya wa volti 12 wa pawasaplai mzigo ukiwa umekolea, nikapata 11.9, nao unaruhusiwa kucheza kati ya 11.4 na 12.6. Kompyuta ikaendelea kuzima vilevile. Ndipo nikafungua CPU-Z, programu inayoonyesha hali ya prosesa, nikatazama volti zenyewe: kwenye bayosi nimeandika 1.30, kazi ikianza zinazama mpaka 1.26.

Basi nikaongeza hadi 1.38, na hapo joto likanikamata. Umeme unaoliwa na prosesa hupanda kwa mraba wa volti. Kutoka 1.30 kwenda 1.38 unaona ni kidogo, lakini kwa kasi ileile ni karibu asilimia 13 zaidi, na yote hugeuka joto. Prosesa hii ikifika nyuzi 98 hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Yangu ilikuwa inagusa 95. Chumba chako huko Lushoto kina nyuzi 18, changu 32. Kabla hatujabonyeza chochote umeshanitangulia nyuzi 14, na kila nyuzi ya chumba prosesa huibeba kama ilivyo. Halafu chipu zenyewe si pacha hata zikitoka kiwanda kimoja. Moja hutosheka na volti chache, nyingine haitosheki. Tulikosea tangu mwanzo kudhani namba za kompyuta moja zinaazimika.

Nilifungua kipozeo. Hewa ya bahari ya hapa, vumbi halikai kama vumbi, hulowa chumvi likagandamana kama sufi. Pesti ya chini yake, inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa, imekauka kama chaki. Kusafisha na kupaka mpya kulinishushia nyuzi tisa, bila kugusa bayosi. Nikateremsha kizidishi hadi 43, volti 1.32, kompyuta ikatulia: hakuna skrini ya bluu, hakuna kujiwasha upya. Nikaamini nimemaliza. Wiki tatu baadaye ndiyo ikaja harusi ile.

Baada ya hapo nililala na kompyuta badala ya kulala na mke wangu. Nikaacha Prime95 ikipiga hesabu usiku kucha. Alfajiri kompyuta inawaka, kimya, safi. Lakini kati ya mistari minne, mmoja kwa kila kori (kiini cha prosesa), mmoja ulikuwa umesimama tangu saa saba na dakika arobaini, umeandika kosa la hesabu. Programu ile George Woltman aliitengeneza ili kutafuta namba tasa za aina iitwayo Mersenne, mradi aliouanzisha 1996, na huko hesabu moja ikikosewa kazi yote imepotea, kwa hiyo inajikagua kila hatua. Windows haijikagui hivyo. Inapokea jibu baya inaliandika kwenye diski kama jibu zuri. Nikaenda kwenye daftari la matukio la Windows, nikakuta WHEA-Logger, yaani taarifa za makosa ya vifaa, tukio namba 19, limejipanga kwa makumi. Kila moja ni kosa la prosesa lililorekebishwa kimyakimya. Yalikuwa pale wiki zote zile, sikuwahi kufungua kutazama.

Nikarudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani isipokuwa memori, nikaiacha 1866, nikawasha MemTest86, programu ya kupima memori, kutoka kwenye flashi. Mzunguko wa kwanza tu, makosa mekundu. Nikajaribu kijiti kimojakimoja cha memori, vyote vinne safi. Nikivirudisha pamoja, makosa. Viwili ni vya zamani, viwili niliongeza vya aina nyingine, na Intel yenyewe iliipimia prosesa hii memori ya 1333. Nilipoiweka 1333, mizunguko minne haikutoa kosa hata moja. Tena kumbuka ile 103: besi kloki huikokota memori pia, kwa hiyo 1866 yetu kwa kweli ilikuwa 1922. Na kwenye mazabodi hizi saa hiyohiyo ndiyo inayoendesha SATA na PCIe, njia za data za ndani ya kompyuta, ikiwemo ile ambayo faili la dua lilipita kwenda diskini.

Sasa besi kloki ni 100, memori 1333, kizidishi 42. Nilipandisha hatua mojamoja, kila hatua naipima saa nane mchana, madirisha yamefungwa, siyo usiku wa upepo. Ikienda muda wa saa nane nzima bila mstari kusimama, na daftari la matukio likiwa tupu, ndiyo nahesabu imepita. Kadi siifuti mpaka nimelinganisha nakala mbili zikafanana. Video ambayo kwa 4.6 ingerendwa, yaani kutolewa ikiwa tayari, kwa saa moja, sasa inanichukua dakika 66. Dakika sita, sahibu. Ndizo nilizokuwa nazikimbilia.

Nakuomba leo hii, kabla ya chochote, zima, rudisha bayosi kwenye hali ya kiwandani, ndipo unakili matokeo ya watoto kwenye flashi. Usinakili ikiwa bado kwenye 4.6. Kisha fungua faili lile, pitia majina na alama dhidi ya karatasi ulizosahihisha, mstari kwa mstari, hata kama itakula Jumamosi yako. Ukimaliza tazama daftari la matukio, unitumie picha ya utakachokiona.

Flashi yenye MemTest86 nimeshaiandaa. Nitampa kondakta wa basi la Ijumaa asubuhi, nimeifunga kwenye bahasha ya kaki yenye jina la shule yako. Uwepo stendi mapema.

Nisalimie shemeji.

Ni mimi sahibu yako,
wa Ngamiani.