Kioo cha Spidomita Hakisafishwi kwa Thina

Wiki iliyopita mwenye Datsun moja ya zamani alisimama mlangoni mwa karakana yetu hapa Changamwe, risiti mkononi, akauliza kwa sauti iliyowafikia majirani: "Fundi, shilingi 4,500 kwa kupangusa vioo viwili vya plastiki?" Si yeye wa kwanza, na kwa kuwa swali hili limetuandama kwa muda mrefu, tumeona heri tulijibu kwa maandishi.

Tunaviita vioo kwa mazoea tu. Katika magari mengi ya miaka ya 1970, kifuniko cha spidomita na cha geji za mafuta na joto ni cha akriliki, plastiki ambayo ni laini kuliko kioo na huchubuka hata kwa kitambaa kikavu chenye vumbi. Hapa Mombasa gari hulala nje, likipigwa na jua na upepo wa bahari, na dereva anayepangusa dashibodi kwa kiganja anasugua mchanga na chumvi juu ya plastiki hiyo kila asubuhi. Miaka 40 ya kupangusa namna hiyo humwacha mwenye gari akikisia mwendo wake.

Njia ya mkato iliyowatia hasara wengi ni kupangusa kwa thina, kile kiyeyushi cha rangi, au kwa petroli. Mzee mmoja wa Kizingo ana Peugeot 504, na hakai dakika tano bila kukumbusha kwamba aina hiyo ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978. Kijana anayemwoshea gari alimpangusia spidomita kwa thina. Uchafu ulitoka kweli, lakini kioo kikajaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui, zilizozama ndani ya plastiki. Nilimwambia, "Mzee, hiki hakisuguliki tena, nikiufuata ufa mpaka unapoishia, nitatokea upande wa pili." Ilibidi tutafute kioo kingine katika gari bovu, nacho kilikuwa na mikwaruzo yake, kwa hiyo alilipia kioo kisha akalipia na kazi ile ile aliyotaka kuikwepa. Dawa ya meno haina madhara kama hayo, ila hufaa kwa mikwaruzo midogo tu.

Bei yetu huanzia kwenye kufungua. Tunatoa waya wa betri kwanza, tunachomoa kebo ya spidomita, kisha tunavuta geji polepole, kwa sababu nyuma yake kuna ukanda mwembamba wa plastiki wenye njia za shaba ambao ukichanika, taa za dashibodi huzimika. (Tumewahi kupokea gari ambalo mwenyewe alivuta kwa nguvu, mkwaruzo tuliuondoa kwa saa mbili, ukanda ulituchukua siku nzima.) Mshale na uso wenye namba hatuvigusi, na kioo chenye maandishi yaliyochapwa upande wa ndani hakipigwi msasa upande huo.

Kioo kikishaoshwa kwa maji na sabuni, tunapitisha ukucha. Mkwaruzo unaokwamisha ukucha huanza na msasa wa maji namba 800 (namba ikipanda, msasa huwa laini zaidi). Usiokwamisha huanza na 1500, halafu 2000, halafu 3000. Kila namba husuguliwa kwa kukata mwelekeo wa ile iliyotangulia, na hatuendi mbele mpaka alama za nyuma ziishe zote. Hapo kioo huonekana kibaya kuliko kilivyoletwa, na mteja aliyekaa kutazama huanza kuhema. Mwisho ni polishi ya plastiki, kwa mkono au kwa mashine ya mwendo mdogo, kwani akriliki hulegea ikikaribia nyuzi joto 100 na mashine inayokimbia huifikisha huko upesi.

Yule mwenye Datsun tulimwonyesha kioo cha tatu, cha geji ya joto, ambacho hakutaka kukilipia. Alikitazama kando ya viwili vile, akatuachia gari mpaka Jumamosi.

Anayetaka kazi hii atuletee gari asubuhi, na kama kioo kimeshapakwa kitu chochote, atuambie ni kitu gani kabla hatujakilowesha, hata kama anaona haya.